UZI: Hormuzd Rassam, kijana wa Mosul aliyeifukua Ninawi halafu sifa zikaenda kwa wengine

Mchokonoa Kale

Wakuu habari za jioni. Uzi huu niliwaahidi tangu siku ile tunabishana kuhusu magofu ya Kilwa, mtu mmoja akauliza hivi kuna asiye Mzungu aliyewahi kugundua kitu kikubwa kwenye akiolojia ya karne ya 19, au wenyeji walikuwa wanabeba makarai tu. Nikasema yupo, nitarudi naye. Nimerudi naye leo. Ni mrefu kidogo, kama una haraka pita, utaukuta hapahapa.

Jamaa anaitwa Hormuzd Rassam, kazaliwa Mosul mwaka 1826, familia ya Wakristo wa hukohuko, enzi hizo Iraki yote iko chini ya Waturuki. Sasa Mosul ukisimama kingo za mto Tigris (Hidekeli wa kwenye Biblia) ukaangalia ng'ambo unaona vilima viwili vikubwa vya udongo. Kimoja wanaita Kuyunjik, kingine Nebi Yunus, yaani Nabii Yunus, yule yule Yona wa samaki. Watu walikuwa wanachunga kondoo na kulima juu yake miaka nenda rudi. Chini yake ndo kuna Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ulioanguka na kuchomwa moto mwaka 612 kabla ya Kristo.

Wa kwanza kuchimba pale kwa maana ya kuchimba alikuwa Mfaransa, Paul-Émile Botta, konsuli wao hapo Mosul. Akachimba Kuyunjik 1842 hakuambulia kitu cha maana. Mwanakijiji mmoja ndo akamwambia bwana mkubwa kama unatafuta mawe yenye picha njoo kijijini kwetu Khorsabad. Akaenda 1843, akakutana na kasri zima la mfalme Sargon. Hebu ishikeni hiyo, mwanakijiji ndo alijua mawe yako wapi, na jina lake halimo kwenye stori inayosimuliwa kila siku, jina ni la Botta.

Akaja Mwingereza, Austen Henry Layard, Novemba 1845, siku ya kwanza na vibarua sita tu, kule Nimrud kusini ya Mosul. Kaka yake Rassam alikuwa makamu wa konsuli wa Uingereza pale mjini, kwa hiyo dogo akaunganishwa. Hana hata miaka 20. Kazi yake kulipa vibarua, kusuluhisha ugomvi, kuongea na masheikh wa makabila ili kambi isivamiwe usiku, kwa kifupi bila yeye Layard angekaa hapo akitazamana na udongo.

Kuna tukio moja la Februari 1846 mimi silisahau. Vibarua wakafukua kichwa cha jiwe, kikubwa kuliko mtu, kina ndevu na kofia, ni wale wanyama wenye mabawa na kichwa cha binadamu waliokuwa wanalinda milango ya wafalme. Kibarua mmoja kuona ile sura inamtokea kwenye mchanga akatupa karai akakimbia mpaka Mosul, mji mzima ukajua kwamba Namrudi amefufuka. Kadhi akaja juu, liwali naye hakumbuki vizuri Namrudi alikuwa nabii au kafiri, akatuma ujumbe kwamba mabaki yaheshimiwe na kazi isimame kwanza. Mjue hapo hawa watu hawakuwa wajinga, walikuwa wanaijua hiyo historia kwa njia yao, jina la Namrudi limekaa kwenye hicho kilima kwa karne nyingi kabla Mzungu hajafika.

Naendelea chini, nipeni dakika.

Binti wa Mikindani

Nimeweka kambi hapa. Mchokonoa usije ukatukimbia kama kwenye uzi wa Gedi ulioishia njiani

Kaka Nyundo

Tuendelee mkuu, chai ipo jikoni

Mchokonoa Kale

Sitakimbia dada, leo nimejipanga.

Layard akawa supastaa kule London, akaandika vitabu vikauzika mno, akaingia siasa, 1851 akaachana na kuchimba moja kwa moja. Rassam naye alishapelekwa Oxford akasoma kidogo, akarudi na Layard kwenye safari ya pili, na Layard alipoondoka Makumbusho ya Uingereza ikamkabidhi kijana kazi. Ila juu yake wakamweka Henry Rawlinson, mwakilishi wa Uingereza Baghdad, mmoja wa wale waliofungua siri ya mwandiko wa kikabari, yale maandishi ya kugandamiza kijiti kwenye udongo mbichi.

Hapa ndo patamu. Rawlinson akiwa huko Baghdad akakubaliana na Wafaransa kwamba Kuyunjik igawanywe, kusini Waingereza, kaskazini Mfaransa Victor Place. Rassam alikuwa na hisia kali kwamba upande wa kaskazini kuna kitu, na akawa anajiuliza Rawlinson kapata wapi mamlaka ya kugawa kilima kisicho chake. Desturi iliyokuwepo kati ya wachimbaji ilikuwa hivi, ukishagundua kasri jipya hakuna mtu wa kukuingilia, ni lako mpaka ulimalize. Kwa hiyo ukiwahi kulipata umelipata.

Basi Desemba 1853 akachagua vibarua wachache anaowaamini, watu wa kufunga mdomo, akaenda nao usiku. Fikiria baridi ya Desemba ya kaskazini mwa Iraki, wanachimba kimyakimya wasisikike. Usiku wa kwanza dalili nzuri. Wa pili wakapata kipande cha ukuta wenye nakshi, wakaufuata, ukakatika, mbele yake majivu na mifupa tu. Hapo mtu mwingine angekata tamaa, maana asubuhi habari zingemfikia Mfaransa na mchezo umekwisha. Yeye akaongeza watu. Halafu kingo ya udongo ikaporomoka yenyewe, na kwenye mbalamwezi ikatokea picha ya mfalme amesimama kwenye gari la farasi anaenda kuwinda simba.

Hilo ndo kasri la Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru. Zile picha za uwindaji wa simba ambazo hadi leo ukifungua kitabu chochote cha sanaa ya kale unazikuta. Place akaja kulalamika, lakini mambo yalishakwisha, desturi ni desturi.

Na katikati ya sakafu ya ukumbi huohuo wakakuta vibao vya udongo vimelundikana, maelfu. Nusu ya maktaba ya mfalme. Nusu nyingine Layard alishaipata miaka michache nyuma kwenye kasri la mfalme Senakeribu upande wa kusini. Vyote kwa pamoja ni zaidi ya vibao na vipande 30,000. Huyu Ashurbanipal alikuwa anatuma watu Babeli yote wamkusanyie maandishi, dawa, hesabu, nyota, dua, ndoto, hadithi. Na moto uliochoma mji ndo uliovikausha vizuri. Karatasi ingekwisha siku ileile, udongo ukaiva kama tofali.

mzee wa kahawa

Hapo kwenye moto umenigusa mkuu. Adui kachoma mji auangamize kumbe anaoka matofali ya kutunzia siri zao. Sasa swali, hivyo vibao vilifikaje London? Barabara zenyewe enzi hizo hakuna.

Mchokonoa Kale

Mzee wangu shikamoo, swali zuri sana hilo. Kwa chelezo. Wanafunga magogo, chini yake viriba vya ngozi za mbuzi na kondoo vimepulizwa upepo, mamia ya viriba kwa chelezo kimoja ikiwa mzigo ni yale mawe makubwa, wanateremka na Tigris mpaka Basra, ndo meli inachukulia hapo. Layard 1847 kumvuta fahali mmoja wa jiwe kutoka Nimrud mpaka ukingo wa mto alitumia watu kama 300 wanavuta mkokoteni kwa kamba, ngoma zinapigwa.

Na haikuwa salama hata kidogo. Mei 1855 mzigo wa Wafaransa, masanduku zaidi ya 200, mengi ya vitu vya Khorsabad, ulivamiwa na watu wa makabila karibu na Qurna, pale Tigris na Frati zinapokutana, vyelezo vikazama. Sehemu kubwa iko chini ya tope mpaka leo naandika. Huwa nikilifikiria hilo naumia, yaani vitu vimekaa ardhini miaka 2,500 salama salimini halafu unavitoa uvizamishe.

Kipepeo

Naomba niulize, hii ndo ile yenye gharika ya Nuhu? Kuna siku niliisikia redioni

Mchokonoa Kale

Ndo hiyohiyo Kipepeo. Vibao vya maktaba vimekaa London karibu miaka 20 ndani ya masanduku, waliovisoma wachache. Sasa kulikuwa na kijana anaitwa George Smith, kazaliwa 1840, familia ya hali ya chini, aliacha shule mapema akawa fundi wa kuchonga bamba za kuchapia noti. Mchana wenzake wakienda kula yeye anakimbilia makumbusho kuangalia vibao. Akajifundisha mwenyewe kikabari mpaka wakubwa wakashtuka kwamba huyu fundi anasoma kuliko wao, wakamwajiri.

Novemba 1872 anapitia kipande kimoja, nusu kimefunikwa na ukoko mweupe kama chokaa, anaona maneno kuhusu meli, kusimama juu ya mlima, kumrusha njiwa na njiwa kurudi kwa kukosa pa kutua. Fundi wa kusafisha kasafiri. Smith ikabidi asubiri siku kadhaa, wanasema alikuwa hashikiki kwa wahka. Kibao kiliposafishwa akakisoma, akaanza kukimbia huku na huku mle chumbani na kuvua nguo, wenzake wameduwaa. Hiyo ya kuvua nguo aliyeisimulia ni mtu anaitwa Wallis Budge, mkumbuke huyu, anarudi.

Tarehe 3 Desemba 1872 Smith akasoma tafsiri yake hadharani, waziri mkuu Gladstone mwenyewe kakaa anasikiliza. Kilikuwa kibao cha 11 cha hadithi ya kale ya mfalme shujaa Gilgamesh, mzee Utnapishtim anasimulia alivyoambiwa avunje nyumba ajenge meli, aingize mbegu ya kila kiumbe, mvua ikanyesha, miungu wenyewe wakaogopa. Gazeti la Daily Telegraph likatoa gini 1,000 (fedha ya Kiingereza ya enzi hizo) Smith aende Ninawi kutafuta kilichopungua, akaenda 1873, na akapata kipande kingine cha habari za gharika. Safari ya tatu hakurudi, alikufa kwa kuhara damu Aleppo, Agosti 1876, miaka 36, ameacha mke na watoto.

Dunia nzima ikamjua Smith, na anastahili kabisa. Ila yule aliyechimba usiku wa mbalamwezi hakuna aliyemuulizia.

Kaka Nyundo

Sasa Rassam mwenyewe muda wote huo yuko wapi?

Mchokonoa Kale

Alipelekwa Aden, kazi ya serikali. Huko Ethiopia mfalme Tewodros wa Pili alimwandikia malkia Victoria barua 1862 hakujibiwa, akakasirika, akamfunga konsuli Cameron. Waingereza wakamtuma nani kwenda kumbembeleza mfalme? Rassam. Akasubiri Massawa zaidi ya mwaka, akaonana na Tewodros Januari 1866, mwanzo wakaelewana vizuri, baadaye naye akatiwa minyororo juu ya ngome ya Magdala. Kakaa huko mpaka Aprili 1868 jeshi la Waingereza la jenerali Napier lilipofika, na tembo kutoka India wamebeba mizinga, Tewodros akajiua kwa bastola. Hiyo ni stori nyingine kabisa inataka uzi wake.

1877 makumbusho wanamwita tena, Smith keshakufa, wanataka vibao zaidi. Mzee wa miaka 50 na kitu anarudi kuchimba mpaka 1882, na angalieni alichotoa. Balawat, 1878, mikanda ya shaba nyeusi ya malango ya mfalme Shalmaneser III, imechongwa vita na misafara ya kodi. Babeli, 1879, silinda ya udongo ya Koreshi, ile ambayo mfalme huyo wa Uajemi anaeleza alivyoingia Babeli na kurudisha sanamu za miungu na watu makwao, leo imewekewa nakala yake mpaka Umoja wa Mataifa. Abu Habba, ambayo ni Sippar ya kale, hekalu la mungu jua na makumi ya maelfu ya vibao. Mtu mmoja huyo, na Ninawi juu yake.

Hakika Tupu

Mkuu uzi mzuri ila nina pingamizi. Huyu jamaa unamsifia lakini si ndo aliyesaidia kuhamisha mali za kwao kwenda Ulaya? Na nimewahi kusoma kwamba uchimbaji wake ulikuwa wa hovyo, anatoboa mashimo anatafuta vitu vya kupeleka tu. Tusimfanye shujaa kwa vile ni mwenyeji.

Mchokonoa Kale

Hakika una haki, na sitalikwepa hili.

Uchimbaji wake ulikuwa na kasoro kubwa. Alikuwa anachimba mahandaki kufuata kuta, sehemu nyingi kwa wakati mmoja, yeye yuko Mosul vibarua wako Babeli, msimamizi anaandika kidogo au haandiki kabisa. Vibao vingi havijulikani vilitoka chumba gani, na hiyo hasara haitarudi. Lakini Layard alichimba vilevile. Makumbusho yenyewe ndo ilimwagiza alete vibao vingi kwa pesa kidogo. Kosa hilo kwa Layard tunaita mwanzo wa taaluma, kwa Rassam wanaita uporaji. Mimi hapo ndo nakwama.

La kuhamisha mali, ndio, alifanya, kwa kibali cha Sultani, na yeye aliipenda Uingereza kwa moyo wote, akahamia huko, akaoa huko, akajiona Mwingereza. Tatizo wao hawakumuona hivyo. Layard aliandika kwenye barua kwa rafiki yake kwamba Rassam ni mmoja wa watu waaminifu kuliko wote aliowahi kuwajua na kwamba kazi yake haikutambuliwa kwa sababu ya asili yake, tena alitumia lile tusi la watu weusi kuonyesha jinsi wenzake walivyokuwa wanamuona, na kwa sababu Rawlinson alijichukulia sifa. Aliyesema hivyo ni bosi wake wa zamani, Mwingereza mwenzao.

Sasa yule Budge. Huyu alikuwa kijana wa makumbusho, akaenda Baghdad akakuta vibao vinauzwa madukani, akarudi akasema vimeibwa kwenye machimbo ya Rassam na kwamba walinzi ni ndugu zake. Maneno yakasambaa London. Rassam kazeeka, jina ndo kitu pekee alichobaki nacho, akaenda mahakamani 1893. Akashinda. Fidia pauni 50. Hamsini, wakuu, kwa mtu aliyewajazia kumbi nzima. Na mwaka uliofuata Budge akapandishwa kuwa mkuu wa idara, baadaye akawa Sir. Rassam akaandika kitabu cha maisha yake ya kuchimba, kikatoka Marekani 1897, akafa 1910 huko Hove pembeni ya Brighton.

Kwa nini naumia na mtu aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita? Nitasema. Miaka ya nyuma nikiwa nasubiri majibu ya chuo nilifanya kibarua kwenye machimbo fulani huku pwani, sitataja ya nani. Miezi miwili nachekecha udongo. Kuna asubuhi kwenye chekeche ikabaki shanga moja nyekundu ndogo kama punje ya mtama, nikaiona mimi, nikaita mimi, mpaka leo naikumbuka ilivyokuwa ya baridi kwenye kiganja. Ripoti ilipotoka nikaitafuta, picha ya shanga ipo, na kina chake na mraba wake. Sisi tuliochekecha tumeandikwa "vibarua wa kijijini".

Binti wa Mikindani

Duh. Pole sana kaka.

Umenikumbusha huku kwetu Lindi, Tendaguru. Najua ni karne iliyofuata na ni mifupa siyo miji, ila ni yaleyale. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani mpaka bandarini Lindi, leo mjusi (dinosaria) amesimama Berlin. Msimamizi mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, yeye ndo alijua kufukua mfupa bila kuuvunja. Ilibidi ifike 2007 ndo mjusi mmoja akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Karibu miaka 100.

Mchokonoa Kale

Asante sana dada, Boheti anastahili uzi wake na nadhani wewe ndo wa kuuandika.

mzee wa kahawa

Na hivyo vilima vya Mosul saivi vikoje? Maana kule kulikuwa na vita

Mchokonoa Kale

Mzee, msikiti wa Nabii Yunus ulilipuliwa na wapiganaji wa ISIS 2014, na 2015 wakalipua kasri la Nimrud, lile la kichwa kilichomkimbiza kibarua. Walipotimuliwa, chini ya Nebi Yunus yakaonekana mahandaki ya waporaji yamepita katikati ya jengo la kifalme la Ashuru ambalo hakuna aliyewahi kulichimba vizuri, kwa sababu juu yake palikuwa na ziara ya watu. Wataalamu wa Iraki wenyewe ndo waliingia humo. Watu wa Mosul, tena kwa majina yao.

Kipepeo

Mimi nipo London kwa masomo, hiyo sehemu ya simba nishapita mara mbili nikiwa sijui chochote. Kuna simba jike mmoja ana mishale mgongoni, miguu ya nyuma imekufa anaiburuta, ya mbele bado inasukuma na mdomo uko wazi ananguruma. Nilisimama pale muda mrefu nikajua tu ni mzuri. Jumamosi narudi. Mchokonoa unataka nikupigie picha ya nini?

Mchokonoa Kale

Huyohuyo simba jike. Na ukiweza piga ukingo wa jiwe, pembeni kabisa, pale sururu za usiku ule zilipopitia.